Kichwa cha msumeno kinaporomoka, kinagoma au kinashuka kwa mikupuo: kutafuta kosa kwenye silinda ya mwendo

Msumeno wa mkanda wa kukata chuma ukianza kung'oa meno ya bledi au kukata mshazari, wa kwanza kulaumiwa ni ile silinda ya oili iliyo ubavuni. Mara nyingi inasingiziwa. Na hata pale kosa linapokuwa lake kweli, inang'olewa na kutupwa, kumbe kilichokufa ndani ni oringi (pete za mpira) mbili na vijiko vichache vya oili vilivyopotea. Kabla ya kushika spana, tazama kichwa, yaani ile fremu inayobeba bledi, kinavyoshuka: kinaanzia wapi kukosea, kinakosea kila mara au mara moja moja, asubuhi tu au siku nzima. Karibu kila kosa la silinda lina namna yake ya kushuka, na ukiijua hiyo utafungua mahali pamoja tu.

Maelezo haya ni ya misumeno midogo na ya kati, ile inayoonekana katika karakana za Kariobangi Light Industries, Kamukunji na Industrial Area jijini Nairobi, ambako kichwa hushuka kwa uzito wake na silinda moja huzuia kasi.

Silinda inafanya nini hasa

Silinda hii haisukumi chochote. Kichwa kinavutwa chini na uzito wake, springi inaupunguza uzito huo, na silinda inazuia kasi basi. Fimbo inapoingia, oili iliyo chini ya pistoni haina njia ila kupenya kwenye tundu dogo la vali ya sindano. Ukiinua kichwa, gololi ndogo iliyo ndani ya pistoni (au ndani ya vali, kwa mashine nyingine) inanyanyuka kwenye kitako chake na oili inarudi kwa wingi, ndiyo maana kichwa huinuka kwa wepesi. Kwa hiyo springi ni ya nguvu, vali ni ya kasi. Anayefunga vali ili kupunguza kung'oka kwa meno wakati springi imelegea anatibu jino linalouma kwa dawa ya tumbo.

Fimbo nayo inakula nafasi, na hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Chukua silinda ya kipenyo cha ndani cha mm 40, fimbo ya mm 16, mwendo wa mm 150. Kichwa kikishuka chote, chini ya pistoni hutoka ml 188 za oili. Juu ya pistoni, kwa sababu fimbo inakaa humo, panaingia ml 158 tu. Zile ml 30 lazima zipate pa kukaa: kikopo cha akiba, au nafasi iliyoachwa makusudi juu ya silinda. Kikopo kikikauka, au kitundu chake cha kupumulia kikizibwa na vumbi na grisi, silinda nzima hata ikiwa mpya itafanya vituko.

Shinikizo ndani yake ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Kichwa kinachoilemea silinda hiyo kwa kilo 60 kinaleta chini ya baa 5, pungufu ya upepo wa tairi la lori. Huhitaji hosi ya tingatinga. Unahitaji hosi inayostahimili oili na isiyovimba. Hosi ya bustani inavimba, na kichwa kinakuwa kama kimekalia godoro.

Angalizo: mashine chache zimefungwa kinyume, fimbo inavutwa kichwa kinaposhuka. Hapo oili yenye shinikizo iko upande wa fimbo, na kila ninaposema chini ya pistoni wewe soma juu.

Kabla ya kufungua

Zima umeme kwenye swichi kuu, si kwenye kitufe cha mashine pekee. Stima ikipotea na kurudi, msumeno usio na swichi ya kujikata huwaka wenyewe. Egemeza kichwa kwa gogo la mbao ngumu au mnyororo. Silinda ikishafunguliwa hakuna tena kinachokizuia, na uzito ule ukiangukia mkono kwenye jiliwa hauachi vidole.

Kisha pima mara tatu.

Kwanza, bila chuma chochote kwenye jiliwa na mota imezimwa, weka vali kwenye alama moja, inua kichwa, kiachie, na uhesabu kwa saa ya simu sekunde za kushuka mm 100. Rudia mara tatu. Sekunde zikikaribiana na mwendo ukiwa laini, silinda ni nzima. Tatizo lako liko kwenye bledi, mvutano wake, au beringi za kuiongoza.

Pili, funga vali kabisa kichwa kikiwa katikati, pima kwa rula urefu kutoka kitako cha jiliwa hadi kwenye fremu, subiri dakika 10, pima tena. Kushuka mm 1 au 2 si ugonjwa. Kushuka mm 20 ni ugonjwa.

Tatu, kichwa kikiwa kimeegemezwa, chomoa pini ya chini ya silinda na ukiinue na kukishusha kwa mkono. Kikikwama au kulia kwenye bawaba, safisha na utie grisi hapo kwanza. Ning'iniza mizani ya ndoano kwenye ncha ya kichwa usome uzito: kwa msumeno mdogo wa inchi 4 kwa 6, kilo 4 hadi 6 ni mwanzo mzuri. Ukisoma kilo 12, kaza springi. Ukisoma 1, ilegeze. Misumeno mingi iliyosemekana kugoma haikuwa na la zaidi ya springi iliyokazwa kupita kiasi.

Kichwa kinaporomoka sentimita chache kisha kinashika

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na maana yake ni moja: kuna hewa chini ya pistoni. Hewa hubanwa, oili haibanwi. Kichwa kinaanguka mpaka hewa imalize kubanwa, halafu oili inapokea mzigo. Kwa bledi huo ndio wakati mbaya, kwa sababu meno yanatua kwenye ukingo wa chuma kwa kishindo.

Jaza kikopo, kisha toa hewa hivi. Chomoa silinda, ishikilie wima kwenye jiliwa lenye mbao pande zote mbili, mdomo wa kutolea oili ukiwa juu kabisa. Fungua vali mizunguko 3 au 4. Sukuma na uvute fimbo polepole mwendo wote, mara 10 hadi 15, ukiongeza oili kwa bomba la sindano la ml 60 kila kikopo kinapopungua. Usiharakishe: ukivuta kwa nguvu oili inatoa povu, na povu huchukua saa kadhaa kutulia. Unajua umemaliza pale fimbo inapokataa mara moja ukiisukuma vali imefungwa, bila ule ulaini wa mwanzo.

Hewa ikirudi baada ya wiki, wala hakuna tone sakafuni, watu huchanganyikiwa. Oili haivuji nje, lakini hewa inaingia. Kichwa kinapoinuliwa panakuwa na mvuto chini ya pistoni, na kiungio kilicholegea kidogo kinanyonya hewa hata kama hakitoi oili. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa ya kuisukuma oili irudi ni pungufu kuliko ya Mombasa, kwa hiyo kuinua kichwa kwa pupa kunaleta mvuto na povu upesi zaidi. Inua polepole, kaza viungio, na ukague hosi mahali ilipokunjika.

Kinashuka chenyewe polepole vali ikiwa imefungwa

Oili inapita mahali fulani. Njia ziko tatu: kitako cha vali ya sindano, sili ya pistoni (pete inayozuia oili kupita), au gololi. Usifungue zote.

Shusha kichwa kwenye gogo, ondoa hosi upande wa chini wa silinda, ziba tundu hilo kwa bolti ya uzi sahihi na washa ya shaba, kisha ondoa gogo. Kichwa kikisimama, kosa ni la vali. Kikiendelea kushuka, kosa liko ndani ya silinda. Hapo sasa tenganisha sili na gololi: inua na kuachia mara 8 au 10. Kikishika mara nyingine na kukosa mara nyingine, ni gololi yenye uchafu unaohamahama. Kikishuka kwa kasi ileile kila mara, ni sili iliyolika. Kama gololi ya mashine yako iko kwenye vali ya nje, jaribio la bolti limeshakutenganishia.

Vali ikiwa ndiyo mkosaji, toa sindano uitazame kwenye mwanga. Sindano nzima ina ncha inayong'aa pande zote. Iliyoumia ina pete iliyochimbika, kama alama ya kamba kwenye ukingo wa kisima, na hiyo hutokana na mtu kuikaza kwa koleo kila jioni. Pete ndogo huondolewa kwa kuizungusha kwenye mashine ya kukereza na kuisugua kwa msasa namba 800 wenye oili. Iliyochimbika sana nunua vali nyingine. Ukikuta nyuzi nyeupe zimejisokota kwenye ncha, hiyo ni tepu ya mafundi bomba. Vipande vyake vinakatika, vinasafiri na oili, vinatua hapo hapo. Tumia gundi ya kuzibia nyuzi, au acha mizunguko miwili ya mwanzo ya uzi bila tepu.

Kinagoma kushuka, au kinasimama njiani

Kagua kitundu cha kupumulia cha kikopo, kisha springi, kisha bawaba, kwa mpangilio huo, maana vyote vitatu havihitaji kufungua silinda. Kikisimama mahali palepale kila mara, shuku fimbo iliyopinda: ibingirishe juu ya kioo na utazame mwanga chini yake. Kikishuka vizuri hewani lakini kikasimama kwenye chuma, iache silinda. Bledi imekufa.

Kinashuka kwa mikupuo kama mtu anayeteremka ngazi

Hapa sili inang'ang'ania fimbo, inaachia, inang'ang'ania tena. Pete ya kufutia uchafu, ile iliyo mdomoni fimbo inapoingilia, inaposhindiliwa unga wa chuma na maji ya kupozea yaliyokauka, inakuwa kama breki. Toa silinda, isukume kwa mkono kwenye jiliwa vali ikiwa wazi. Mikupuo ikibaki, ni sili au fimbo. Ikipotea, ni pini kavu au bawaba. Hewa pia huleta mikupuo, lakini ya hewa ni laini kama kudunda, na ya msuguano ni mikavu, unaisikia kwenye kifundo cha mkono.

Asubuhi kinakawia, mchana kinakimbia

Oili nzito. Asubuhi ya Julai Nairobi inaweza kuwa nyuzi 11 au 12, na mchana chini ya bati ikapita 25. Katika tofauti hiyo oili ya haidroliki hupungua uzito wake wa kutiririka karibu nusu. Tumia daraja la VG 32 badala ya VG 46 au 68 (namba ikiwa ndogo, oili ni nyepesi), inua na ushushe kichwa mara tano kabla ya kukata kipande cha kwanza, kisha urekebishe vali tena saa nne hivi. Kichwa kigumu kuinua siku nzima nacho huanza kwa oili nzito. Kama si hiyo, gololi imenasa kwenye kitako.

Kuhusu oili, hatuna la kubembeleza. Oili ya haidroliki VG 32, au oili ya gia otomatiki, zote ni sawa kwa sili nyeusi za nitrili, mpira unaovumilia oili. Maji ya breki hayafai kabisa: yanavimbisha na kulainisha nitrili, na ndani ya wiki chache sili inatoka kama ubani uliotafunwa. Oili chakavu ya injini ina chembe zinazokwaruza silinda. Na ukikuta oili iliyomo ina rangi ya chai ya maziwa, maji ya kupozea yameingia kupitia pete ya kufutia uchafu. Imwage yote, kausha, weka pete mpya, maana ukibadilisha oili peke yake itakuwa chai tena.

Kufungua na kubadilisha sili

1. Pima na uandike kabla ya kuchomoa: urefu wa pini hadi pini fimbo ikiwa ndani, na ikiwa nje. Piga picha ya vali na mshale wake.

2. Mwaga oili kwenye chombo cheupe. Vumbi linalong'aa kama fedha linasema fimbo au silinda inalika. Vipande vyeusi vya mpira vinasema sili.

3. Toa klipu ya duara ukiwa umevaa miwani, halafu vuta fimbo na kifuniko chake. Kikigoma, usigonge fimbo kwa nyundo tupu. Tumia mbao.

4. Pitisha ukucha kwenye fimbo. Mkwaruzo usiokamata ukucha unasuguliwa kwa msasa wa maji namba 600 kisha 1000, kwa kuzunguka fimbo. Usisugue kwa urefu, kwa sababu mikwaruzo ya urefu ni mifereji ya kutolea oili. Unaokamata ukucha unahitaji fimbo mpya ya kromu. Fimbo ya shokomzoba chakavu hutumika sana, na inafaa ikiwa kipenyo kinalingana, lakini shokomzoba ya gesi usiikate hata kidogo kabla gesi haijatolewa na anayejua.

5. Pima mfereji wa oringi, si oringi ya zamani, kwa kuwa ya zamani imeshavimba au kubanwa. Kwa sili inayosogea, oringi ibanwe asilimia 10 hadi 15 hivi: yenye unene wa mm 3.5 inataka kina cha mm 3.0 kutoka chini ya mfereji hadi ukuta wa silinda. Ikibanwa zaidi, utaletewa ile mikupuo.

6. Maduka ya sili ya Kirinyaga Road na Industrial Area yatakuuzia oringi nyeusi, na nyeusi zote zinafanana. Nyingine ni za maji au breki, na hizo hazivumilii oili ya madini. Nunua moja ya ziada, ipime unene kwa venia (kipimo cha mataya), itumbukize kwenye oili yako kwa saa 48, ipime tena. Iliyonenepa waziwazi usiitie ndani.

7. Funika nyuzi za fimbo kwa kipande cha chupa ya soda kilichokunjwa kabla ya kupitisha sili. Uzi mmoja wenye ncha unatosha kukata sili mpya usione. Mdomo wa sili uelekee kwenye shinikizo. Paka oili ileile ya ndani, si grisi.

8. Safisha kitako cha gololi, weka gololi mpya ya kipenyo kilekile, uigonge mara moja kwa upole kwa kijiti cha shaba ili ijitengenezee kitako.

Ndani ya silinda ukiona kutu iliyochimba vishimo, msasa hautaokoa. Sili itapasuka hapo hapo mwezi ujao.

Kuweka silinda au vali nyingine

Mambo yanayotakiwa kulingana ni mwendo, urefu wa pini hadi pini, kipenyo cha pini na uzi wa milango, yaani matundu ya kuingizia na kutolea oili. Kipenyo cha ndani kikiwa kikubwa kidogo si neno. Kwenye uzi kuwa mkali: robo inchi ya Uingereza ina nyuzi 19 kwa inchi, ya Marekani ina 18. Inchi moja kwa nane ni 28 na 27. Zinaingiliana mizunguko miwili mitatu, zinaonekana kama zimekaza, kisha zinavuja au kupasua mlango wa alumini. Nunua kipima nyuzi.

Vali iwe ya sindano yenye njia ya kurudi ndani yake, na uifunge ili oili inayotoka chini ya pistoni ndiyo inayobanwa. Ukiigeuza, kichwa kitakuwa kizito kuinua na chepesi kuanguka. Kile kifimbo cha gesi cha mlango wa nyuma wa gari, ambacho wengine hufunga badala ya silinda, hakirekebishi kasi. Kinasukuma juu tu, na ni kazi ya springi.

Misumeno ya zamani ya kwenda na kurudi ina silinda ya oili inayonyanyua bledi wakati wa kurudi. Bledi ikikosa kunyanyuka, meno yanafutika kwa siku moja. Anza na oili na gololi, kama hapo juu.

Kujaribu

Kata mhimili wa duara wa chuma laini wa mm 50. Kwa msumeno mdogo, dakika 2 hadi 4 ni mwendo wa kawaida. Tazama vinavyotoka: unga mwembamba maana yake kichwa kinazuiwa mno na meno yanasugua, vipande vinene vya bluu maana yake kinalemea mno, na vijisokoto vilegevu vyenye rangi ya chuma ndivyo unavyovitaka. Vali ikishakaa hapo, chora mstari wa chaki au rangi ya kucha kwenye kitasa na kwenye mwili wake. Andika tarehe na zile sekunde za mm 100 kwa kalamu ya kudumu ubavuni mwa mashine, kisha baada ya wiki moja ya kazi pima tena kwenye alama ileile na uangalie kikopo kimepungua kiasi gani.